Toba ya Baba

Mtoni, Temeke

Dada yangu Sekela,

Shikamoo. Poleni na baridi ya Tukuyu. Mama anaendeleaje? Mimi nipo, na kazi ya ukarani hapa Kurasini bado ninayo. Sikupiga simu kwa sababu ulimi umekuwa mzito, ungedhani nimelewa. Mwandiko nao umepinda, utanivumilia.

Watu wa huku ndivyo wanavyodhani. Mwaka wa pili sasa natembea nikiyumba, napapasa kuta za ofisi, na madereva wa malori wamenibatiza Mama Gongo. Mwezi uliopita nilimmwagia mchungaji kikombe cha ushirika kwenye kanzu. Wazee wa kanisa wakaniita, wakanitaka nisimame Jumapili hii inayokuja nitubu ulevi, la sivyo nitatengwa. Sikubishana. Niliona nitubu tu, yaishe.

Bosi ndiye aliyenilazimisha kwenda hospitali. Nikapigwa picha ya kichwa, nikatolewa damu. Ni ugonjwa wa nadra, unaharibu sehemu ya ubongo inayoshika mizani ya mwili. Utaendelea hadi nishindwe kutembea, na dawa ya kuuponya hakuna. Nilisikiliza kama ninayesomewa ratiba ya meli. Tena unarithiwa, dada, kwa hiyo na wewe nenda ukapime.

Daktari aliuliza kama kwetu kuna aliyetembea hivi. Nikamjibu ni baba, ila yeye alikuwa mlevi. Akaniuliza, "Wewe ulimwona akinywa?"

Sikumwona. Wala wewe hukumwona.

Unakumbuka baba alivyosimama mbele ya usharika akatubu, sisi tumeinamisha vichwa. Siku ileile mama akahamia chumbani kwetu, akabaki huko hadi baba anafariki. Mlitafuta sana ni nani aliyemshitaki kwa wazee. Ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Wenzangu wa shule walimcheka alipoanguka njiani, nikaona aibu, nikaenda kusema anakunywa kila siku. Nilisema nimemwona kwa macho yangu.

Jumapili nitasimama kama walivyotaka, lakini sitatubu ulevi. Nitatubu hili. Najua ni zito, ila hata kulia sijalia bado.

Msalimie shemeji, na Asifiwe na wadogo zake. Mama msomee barua hii yote, usiruke kitu. Mwambie mume wake hakuwa mlevi.

Mdogo wako,
Tupokigwe