Pon ya Toyota Chini ya Land Rover Yetu

Mukendi, ndugu yangu,

Nimekasirika. Naanza na hilo usije ukadhani nakuandikia kulia. Kulia nililia makaburini, tulipokufukia haraka haraka kwa sababu wengine walikuwa wanangoja zamu na maiti zao. Leo nimekasirika, na nusu ya hasira ni juu yako.

Land Rover imetembea. Ile ile yetu iliyovunjika nyuma kwenye njia ya Kamatanda, ukaapa kwamba utaichomoa pon yake yote ya nyuma, ule mhimili wa magurudumu, uweke ya Toyota. Nilicheka. Ukasema, "Weye cheka tu! Hii itanifikisha mpaka Mbuji-Mayi, shangazi zangu wanione." Mbuji-Mayi yenyewe, huko Kasai kwa wazazi wako, hujawahi kuiona, umezaliwa hapa Likasi, mtaa mmoja na mimi. Pon tuliinunua kwenye Toyota iliyooza bodi, tukaisukuma na mkokoteni hadi garaji, wewe ukiimba vibaya njia nzima. Wakati huo tulikuwa mafundi wawili tu, basi.

Halafu wakaanza kupiga milango. Watu wa Kasai warudi kwao! Wakakutoa nje wewe, mkeo Mama Ngalula na watoto, mukaenda kulala steshoni kungoja treni isiyokuja. Nilikuambia njooni kwangu. Ukanijibu, "Minye si mwizi. Siwezi kujificha chini ya kitanda ya muntu." Kiburi hicho! Kila asubuhi ulitembea kutoka steshoni mpaka garaji, ukachomelea, jioni ukarudi kulala juu ya sementi. Tulikuwa na nia moja: pon iingie, Land Rover ibebe familia yako iondoke hapa ingali hai.

Ulipomaliza kuchomelea ulisema umechoka kidogo. Kidogo! Kesho yake hukuja. Nilikukuta steshoni tumbo la kuhara limeshakumaliza, macho yameingia ndani, Mama Ngalula anakulowesha midomo.

Baada ya kilio nikafunga kardani, ile bomba ndefu inayopeleka nguvu nyuma, nikatia mafuta, nikawasha. Mama Ngalula alisimama uani na watoto. Nikatia gia, vitesi ya kwanza, nikaachia mguu. Land Rover ikarudi nyuma. Nikatia ya pili. Nyuma! Vijana waliokaa ukutani wakaangua kicheko: "Hata mutokari inajua njia ya kwao!" Nikashuka na spana mkononi, wakatawanyika.

Nikaingia chini ya gari. Pon umeiweka kichwa chini! Uliipindua ili tundu lake lilingane na kardani ya Land Rover. Mukendi, ukipindua pon, magurudumu yanazunguka kinyume. Ni wewe uliyenifundisha hilo. Ulimfukuza fundi mzima kwa kosa hilo hilo. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ulikuwa mgonjwa tayari. Ulishika moto huku homa inakuchoma, na mimi nimekaa karibu nakupa vyuma vya kuchomelea, sina habari, kwa sababu hukusema. Ungesema! Neno moja tu, naumwa, ningekubeba mgongoni mpaka hospitali. Wewe uliyekuwa unasikia rulemani, beringi ya gurudumu, ikilia gari lingali ng'ambo ya barabara, mwili wako mwenyewe ulishindwaje kuusikia? Au ulisikia, ukanificha? Sijui nikusamehe vipi.

Nimekata yote, nimegeuza. Kardani sasa inakwenda upande upande, ukikimbiza inatetemesha hata meno, lakini gari linakwenda mbele. Magurudumu ya mbele yana nati tano, ya nyuma sita, kwa hiyo tunabeba spea mbili. Mama Ngalula alipoona limekwenda hakupiga vigelegele. Alisema tu, "Basi tufunge mizigo."

Jana akaja yule bwana anayelala ndani ya nyumba yako. Anataka nimuuzie Land Rover abebee makala, mkaa wake wa kuuza. Alisimama mlangoni pa garaji, mlango uliouchomelea wewe, akasema, "Ule mama apande treni kama wenzake. Weye ni mutoto wa hapa, unajisumbulia nini?" Na ni mtu wa kwaya yetu! Tumesimama naye mstari mmoja kila Jumapili, wewe, mimi na yeye. Nilimwambia maneno ambayo padri asiyasikie.

Tunaondoka kesho alfajiri, kwa Kolwezi, halafu Kamina, halafu huko juu Mbuji-Mayi. Nitawafikisha, hata kama ni kwa kusukuma. Kuna wanaoniambia nikifika nibaki huko huko. Sibaki. Nitarudi kufungua garaji, na jina lako halitoki juu ya mlango. Na kila atakayeniletea gari, kabla sijafungua kapo ya injini nitamuuliza: siku wanamtoa Mukendi nyumbani kwake, wewe ulikuwa wapi? Asiye na jibu alisukume gari lake aende. Najua nitakosa wateja. Nikose!

Wewe lala, ndugu yangu. Bado nimekukasirikia. Lakini lala hapa hapa Likasi. Hapo ulipo hakuna tena wa kukuambia urudi kwenu.

Mwansa