Jina Mlangoni

Papa,

Gari lako bado liko uani. Naanza na hilo kwa sababu najua ungeuliza gari kwanza, sisi baadaye.

Wanajeshi walikuja Jumanne kulichukua. Tangu tukuzike, mji umebadilisha wakubwa tena, na kila mkubwa mpya anataka gari. Maman akaniambia, "Zuhura, acha babebe. Ile iko chuma tu." Chuma tu! Gari ulilolikimbiza kabla sijazaliwa, kwenye mashindano yale wazungu waliyaita grand prix, ukawaacha wote kwenye kona za mteremko wa Kamanyola. Kisha kikombe akapewa mzungu mwenye gari, aliyekuwa ameketi kivulini, kwa sababu jina lake ndilo lililoandikwa mlangoni. Wewe ulipewa pakiti ya sigara, na hata hukuwa unavuta. Ulishinda hivyo miaka mingi, Papa. Uhuru ulipokuja, yeye akakuuzia gari haraka haraka akaondoka, nawe ukacheka tu. Mimi mpaka leo sijacheka.

Basi, kamanda akadai ufunguo, nikampa. Akazungusha. Kimya. Hakujua desturi yako: kila jioni, vita au amani, ulichomoa kile kidole kidogo cha delko kinachogawa umeme kwenye moteri, ukalala nacho chini ya mto. "Gari bila hii kidole haiwezi ibiwa," ulikuwa ukisema. Siku hizi ninakichomoa mimi. Jumanne kilikuwa kichwani mwangu, ndani ya kitambaa, nami nimesimama mbele ya kamanda nikimtazama machoni.

"Iko na nini hii gari?" akauliza.

"Ilizoea mwenyewe," nikamjibu, "na mwenyewe alikufa."

Walilisukuma mpaka getini, mlima wa nje ukawashinda, wakaliacha hapo; majirani wakanisaidia kulirudisha uani.

Walipoondoka nililia, nikakugombeza kwa kufa wakati mbaya kama huu. Kisha nikatafuta rangi nyekundu. Mlangoni, palepale palipokuwa na jina la yule bwana, nimeandika jina lako, RAMAZANI, kwa herufi kubwa. Maman anasema nimepata wazimu, watarudi. Warudi! Watasoma kwanza ni gari la nani.

Pumzika, Papa. Barabara ya Kamanyola ikifunguka, nitaiteremka mimi mwenyewe, nikikanyaga breki kabla ya kona, si ndani yake, kama ulivyonifundisha. Na safari hii kila aliyesimama kando ya njia atajua ni nani amepita.

Binti yako,
Zuhura