Njaa Niliyoificha Mlimani

Mjukuu wangu Zuhura,

Salamu zako mamako amenisomea, marahaba, mwanangu. Hapa mtaani Barani, Malindi, sote tupo, ila pumzi yangu imekuwa fupi, na Alhamisi narudishwa hospitalini Kilifi. Ndiyo maana naandika sasa.

Umeuliza uende mlimani na wenzako wa chuo huko ugenini siku ya mapumziko, au ubaki chumbani kwa kuwa walikualika mara moja tu, wala hawakukusihi. Swali hilo limenikosesha usingizi.

Sijapata kumwambia mtu haya. Nami nilipokuwa mwanafunzi ughaibuni, nilipanda mlima na wenzangu. Mchana wakatoa mkate, wakaniambia nichukue. Nikajibu kama tulivyolelewa, "Ahsanteni, nimeshiba," nikingoja wanisihi. Wakafunga mfuko. Nikaona hawanitaki, nikaazimia kuacha masomo nirudi Malindi.

Tulipokuwa tukiteremka, nilibaki nyuma nikaketi. Mwenzangu mmoja, Pavel, akarudi.

"Unaumwa?"

"Nina njaa."

"Si ulisema umeshiba?"

"Kwetu mtu husema hivyo kwanza."

Alicheka hata akakaa chini. "Basi kwenu wageni hufa kwa adabu," akasema, akanimegea mkate. Huyo ndiye aliyekuwa ndugu yangu hadi nilipomaliza masomo.

Wenzako siwajui, na hilo linanitia hofu. Hata hivyo nenda, na ukiona njaa au baridi, sema. Mimi ninakusihi, Zuhura, maana huenda nisipate nafasi nyingine.

Babu yako