Utoro wa Nyamhanga

Machochwe, Serengeti
Jumanne

Dada yangu mpendwa Atupele,

Ugonile, dada. Natumaini Mama na watoto hawajambo, na mvua za huko Rungwe hazijawakatia njia. Mimi ni mzima, nyumba ya walimu inavuja palepale. Lakini salamu nitazimalizia mwisho. Kama ndugu yetu Ambakisye ameshamfungia Baba ghalani, iweke barua hii chini, nenda kafungue mlango, ndipo urudi usome. Usimngoje Ambakisye. Ufunguo ukikosekana, vunjeni.

Barua yako niliipata Alhamisi. Unasema ile barua yangu ya majivuno mmeisoma mpaka mbele ya shangazi, kwamba Ambakisye ameshanunua kufuli, na kahawa ikiisha kuuzwa mtamfungia Baba humo ghalani wiki mbili, asionje hata tone la pombe, "kama ulivyotuelekeza." Chini kabisa umeandika: "Baba anakusalimu sana." Nimeusoma mstari huo hadi karatasi imelegea.

Nilikuandikia kwamba hapa kuna kikundi cha wanaume walioacha gongo kwa kusaidiana, na kwamba Katibu Kata amenipa kazi ya kupima kama kweli kinasaidia, ili vijiji vingine viige. Mimi ni mwalimu wa elimu ya watu wazima, nitapima kwa nini kama si rejesta? Kila Jumapili mchana walikutana darasani, nami nikaita majina. Aliyepo nilimwuliza, "Umekunywa wiki hii?" Akisema hajanywa, naweka alama ya vema. Asiyekuwepo naandika utoro, kama kwa mwanafunzi yeyote. Mwisho nikawahesabu waliokuwa wakija. Wote wameacha! Siku hiyohiyo nikachukua kalamu kukuandikia, kichwa kimevimba.

Tena si kikundi cha porojo. Huku watu huunganisha ng'ombe wao wa kulima, leo kwako kesho kwangu, na mwenye shamba hutoa pombe. Anayekataa pombe hana wa kumlimia. Hawa wakakubaliana kulimiana kwa uji. Kiongozi wao, Mzee Wambura, alikuwa mlevi wa kuokotwa njiani, na sasa yeye ndiye wa kwanza kufika shambani. Mtu mpya akiingia, wanamfungia nyumbani kwake siku za mwanzo, na wenzake wawili hukaa mlangoni kwa zamu asitoroke. Niliona huo ni upendo. Hata leo sisemi haukuwa upendo.

Nyamhanga alikuwa mhunzi, mcheshi sana, aliyeanza gongo asubuhi kabla hajanawa uso. Alikuja darasani mara moja tu. Mkono ulimtetemeka mpaka akashindwa kuweka dole gumba kwenye karatasi, darasa zima likacheka, na mimi nikacheka. Jumapili iliyofuata hakuonekana. Nikamwuliza Wambura.

"Ana homa kidogo, mwalimu. Anakusalimia sana."

Nikaandika utoro. Jumapili ya pili nikauliza tena. "Amekwenda kwa shemeji yake kule Tarime. Hajambo, anakusalimia sana." Nikaandika utoro. Watu wamehamishwa mno miaka hii, mtu kutokuwepo alipokuwepo jana hakumshangazi yeyote. Ya tatu sikuuliza hata.

Wiki iliyopita Katibu Kata akanirudishia taarifa. Hakuwa na shaka nayo. Alisema tu, "Ndugu mwalimu, safu ya sababu za utoro umeiacha tupu. Jaza." Basi nikaweka rejesta kwapani, nikaenda kuwafuata watoro wangu wanne.

Wa kwanza nilimkuta kwenye chungu cha pombe na wenzake, mrija mdomoni, akanikaribisha kwa furaha. Wa pili alikuwa amehama kweli. Wa tatu, Marwa, mkewe alinizuia uani kwanza, kisha akanieleza kwa sauti ya chini. Siku ya tatu ya kufungiwa Marwa alitetemeka mwili mzima, akawa anafukuza siafu wasiokuwepo ukutani, akaanguka na kujiuma ulimi. Mke akamtilia gongo kidogo kwenye uji, kwa siri, na mtu akatulia. Tangu hapo anampa na kumpunguzia kila siku. Anamficha, maana kikundi kikijua watamwita mdanganyifu.

Kwa Nyamhanga nilimkuta mkewe, Bhoke, anapepeta ulezi. Nikasema nimekuja kumwulizia mumewe, rejestani ana utoro wa wiki tatu. Akafuta mikono, akaniomba nimwonyeshe jina. Nikamwonyesha.

"Na hii ya pembeni?"

"Utoro."

"Ni kusema amekimbia?"

"Ndiyo."

"Hakukimbia, mwalimu. Angekimbia angekuwa mzima. Alitaka kutoka, wakamshika. Na mimi nilisaidia kushika."

Ilikuwa vilevile, siku ya tatu. Aliongea na ng'ombe wake waliokufa zamani, akaanguka, akaanguka tena. Waliokuwa mlangoni walidhani ni pombe inapigana kutoka, wakamwimbia wimbo wa kumtia moyo. Mchana huohuo akafa. Walimzika nyuma ya nyumba, na Bhoke akaambiwa anyamaze polisi wasije.

Nesi wa zahanati ameniambia mwili uliozoea gongo miaka mingi haukatiwi ghafla. Hupunguziwa, na mganga awepo karibu. Nilipomkabili Wambura alilia. Akasema, "Ukiandika hiyo, kikundi kinakufa, na hawa wote wanarudi kwa pombe." Naamini watarudi, dada. Hata hivyo nimeandika ukweli. Na Jumapili hii wamepanga kumfungia mwingine. Nitakwenda kukaa mlangoni mwake mimi mwenyewe, wasimfungie.

Jana nilitembea hadi Mugumu kupiga telegramu: MSIMFUNGIE BABA. Karani akasema mvua imeangusha nguzo za waya, maneno yangu yatakwenda zikisimamishwa. Lori la pamba litakalobeba barua hii linaondoka leo kwenda Musoma, dereva ameshapiga honi mara mbili. Barua yako iliandikwa wiki tatu zilizopita, na kahawa yenu si nyingi kiasi hicho. Naogopa, Atupele. Naogopa sana.

Mpeni Baba kidogo kila anapotetemeka, na mpelekeni hospitali leo, hata kwa machela. Ambakisye msimgombeze. Aliyemwelekeza ni mimi.

Nisalimie Mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Nisalimie shangazi, na shemeji yangu mume wako, na watoto.

Baba mpe shikamoo yangu. Ila usiniandikie kwamba ananisalimu sana. Salamu za Nyamhanga nililetewa Jumapili mbili, naye yuko ardhini. Mwulize Baba jambo lolote, uniandikie alichojibu, maneno yake mwenyewe, hata akinitukana.

Mdogo wako,
Asajile