Siku Jivu Alipopita Kwenye Viazi

Baba yangu,

Nakusalimu kutoka huku Kibirichia, ambako hata mchana huu nimevaa masweta mawili. Mgongo wako unaendeleaje? Na ndengu zilikubali, au mvua imewachezea tena huko Kiritiri? Mimi ni mzima. Bega limepona, nainua ndoo ya maji bila kukunja uso.

Nimeandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Nikisema tu, "Baba, yule farasi," wewe unasema, "Rudi nyumbani kabla hajakuua," naye mama anaitikia kwa nyuma. Barua hutaikatiza. Najua umeapa kuja kunichukua ukimaliza kuvuna. Kabla hujapanda gari, soma kwanza.

Mlichosikia ni kwamba nilianguka. Ilikuwa hivi: nikiwa nimempanda Jivu, yule farasi, lori la viazi lilitupita barabarani, turubai lake likafunguka na kuanza kupigapiga. Jivu akaruka kando, mimi nikaachwa hewani, kisha nikaanguka kwa bega. Tangu siku hiyo Jivu aliogopa kila kinachopepea, iwe ni gunia, nguo kwenye kamba au hata kofia ya mtu. Nami, nikwambie ukweli, nilimwogopa yeye. Nilimwekea majani kwa mbali, naye akiniona naogopa alizidi kurudi nyuma. Mwenye shamba akasema farasi asiyebeba wageni wanaokuja kutembezwa ni mzigo, na mvua zikiisha bila yeye kubadilika, atamuuza. Iliniuma sana. Jivu nimemlea tangu alipoletwa hapa akiwa mdogo, wa miguu mirefu tu.

Nikajiambia, mimi ni mtoto wa mtu anayefundisha ng'ombe kulima, farasi atanishinda vipi? Si wewe humfunga dume mchanga pamoja na mzee, shingo kwa shingo, mpaka mchanga ajifunze kutulia? Basi nikamchukua Shosho, farasi jike mzee ambaye hata radi haimshtui, nikamfunga Jivu kwake kwa kamba fupi. Loo! Jivu alipohisi amebanwa alisimama kwa miguu ya nyuma, akamburuta Shosho wa watu mpaka kwenye ua, nguzo zikang'oka. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Mama Kinoti, mkubwa wetu hapa zizini, alikuja mbio na kisu akaikata ile kamba.

"Igoki, wewe! Hii si ng'ombe ya kulima," alinifokea. "Ng'ombe ukifunga inachoka, inakubali. Farasi ukifunga inajua imekufa. Yeye kwanza ni kukimbia, kufikiria ni baadaye. Wachana na hiyo mambo ya kwenu Mbeere!"

Nilikasirika, Baba, lakini alikuwa amesema kweli. Tukaanza upya, bila tandiko, mimi nikiwa chini. Kila asubuhi niliingia naye kwenye uwanja mdogo na kamba ndefu iliyolegea. Nikitembea atembee, nikisimama asimame. Akirudi nyuma simvuti, nasubiri. Akinipa hata hatua moja, nalegeza kamba na kumwacha apumzike. Shosho tulimwacha huru pale kando, akila zake. Kisha Mama Kinoti akaniambia nitangulie nikiliburuta gunia, Jivu afuate, maana kitu kinachokukimbia hakitishi sana. Mwanzoni alikoroma kama mtu mwenye mafua. Baadaye akalifuata, akalinusa, na mwishowe akalikanyaga. Siku hiyo aliinamisha kichwa akalamba midomo, nami nikacheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kama nimeokota pesa.

Kumpanda tena ndiko kulikokuwa na kazi, na tatizo halikuwa lake. Nilikuwa nikikaa juu ya mgongo wake nimekauka kama ubao.

"Unashika pumzi, na yeye anasikia," Mama Kinoti akasema. "Si wewe ni wa kwaya? Imba basi!"

Nikaimba. Niliimba sauti ya pili ya wimbo wa kanisani, kwa kuwa ndiyo pekee niijuayo. Anayeimba hawezi kushika pumzi, nawe ukijaribu utaona.

Jumamosi iliyopita mwenye shamba alitaka tupite njia ya katikati ya shamba la viazi, yeye akitazama. Akina mama walikuwa wanavuna. Tulipowafikia, upepo ukavuma ukarusha magunia matupu moja kwa moja mbele yetu. Jivu akasimama ghafla. Nilihisi moyo wake ukipiga kwenye magoti yangu, na wimbo niliokuwa nikiimba ukakatika. Nilikuwa na hofu, Baba, hofu ya kweli. Nikavuta pumzi nikaanza tena ule ubeti, sauti ikitetemeka vibaya, na mama mmoja aliyeinamia viazi akaudaka kwa sauti ya kwanza. Wengine wakaingia.

"Haki leo hata farasi imekuja fellowship!" mmoja akapiga kelele, wote wakacheka.

Jivu akanigeuzia sikio moja, akashusha pumzi ndefu, akatembea. Alilikanyaga gunia moja akaendelea, polepole, na kamba mkononi mwangu imelegea.

Mwenye shamba akasema, "Huyu hauzwi. Lakini kwa sasa apandwe na Igoki peke yake."

Nisalimie mama, mwambie chupa ya asali ilifika salama. Nisalimie shangazi anayeuza maembe sokoni, kaka yangu na mkewe, na kasisi wetu aliyeniombea bega.

Baba, usije kunichukua. Njoo kunitembelea, siku yoyote ile, utazame kwa macho yako. Ukishaona na bado useme nirudi, nitarudi, kwa kuwa wewe ni baba yangu. Lakini sitakudanganya kwamba nitarudi nikiwa na furaha.

Ni mimi binti yako, ambaye asubuhi ya leo tena alipanda farasi bila kushikiliwa na mtu,

Igoki