Mlango Mkubwa wa Madam

Alhamisi, Agosti 2014. Bur Dubai.

Joto limeukalia mji tangu alfajiri, vioo vya madirisha vinatoa jasho. Nimeingia chumbani kwa Madam kuwasha AC kama kawaida, ndipo nikakumbuka hayupo.

Alifariki jana asubuhi. Nimelia mpaka kichwa kinaniuma.

Nimemtunza miaka minne, mjane Mjerumani aliyeletwa Dubai na mwanawe alipokuwa hawezi tena kuishi peke yake. Ukutani alikuwa na picha moja tu, ya nyumba ya shambani alikozaliwa. Nyumba ile naijua kuliko jengo hili ninamoishi.

Ilijengwa na babu wa babu yake. Nguzo na mihimili ya mwaloni, na katikati yake kuta za udongo uliokandwa na majani makavu, kama jiko la nyanya yangu kule Nandi. Paa moja refu liliwafunika wote: ng'ombe kushoto na kulia, watu upande wa nyuma, na moto usio na bomba la kutolea moshi, ili moshi ukaushe nyama iliyoning'inia juu. Mbele kulikuwa na mlango mkubwa wa kupitisha mkokoteni wa nyasi, na juu yake yamechongwa majina ya mume na mke walioanzisha boma hilo.

Bibi harusi aliingia kwa mlango huo, na maiti alitoka kwa mlango huo huo. Kisha mtu wa nyumbani alikwenda kuwanong'oneza ng'ombe kwamba mwenye nyumba ameondoka, wasije wakaugua.

Aliponisimulia hayo nilicheka. Yeye hakucheka. Aliniomba siku yake ikifika atoke kwa mlango wa mbele, nami nikakubali haraka haraka, maana alikuwa bado anakunywa chai yake vizuri.

Katika jengo letu, lifti ya mbele ni ya wapangaji. Wafanyakazi, taka na maiti hupitia nyuma.

Mlinzi wa zamu jana alikuwa Mokua, Mkenya mwenzangu kutoka Kisii. Nilimsihi mpaka nikaona haya.

"Dada, naelewa kabisa," akasema. "Lakini ofisi wakiona kwa kamera, khalas, narudishwa nyumbani. Na unajua niko na watoto."

Nikamgeukia Sir, mwanawe. Neno lake moja lingetosha. Alikuwa anafuta miwani yake, anaifuta tu. Akaniambia haidhuru.

Ilidhuru.

Madam akatolewa nyuma, kando ya mapipa ya taka. Nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Nyumba yenyewe iliuzwa zamani. Sir aliwahi kusema zizi sasa ni mkahawa, kwa hiyo hata huko hakuna ng'ombe wa kuambiwa.

Jioni hii nimempigia mama simu kule Nandi, nikamwomba awaambie ng'ombe wake. Nilidhani ataniona nimerukwa na akili. Aliuliza tu, "Alikuwa anaitwa nani?"

"Gesine."

Nikasikia akivaa gambuti, kisha lango la zizi. Sauti yake ikashuka, ikawa ile anayotumia kwa ng'ombe anapozaa. Akaenda kwa mmoja, kisha kwa mwingine, na kila mara nikasikia jina la Madam, akilitamka vibaya, taratibu.

Akarudi kwenye simu.

"Wamesikia wote," akasema. "Sasa na wewe kula kitu, ulale."

Nimekula. Kulala ndiko kumenishinda.