Mtungi wa Saba Uani kwa Mwanaheri

Shoga yangu Mwanaheri,

Nakusalimu huko uliko. Mimi huku mzima, meno matatu na ulimi wote. Aliyeshika kalamu ni mjukuu wangu Tausi, maana chuo mimi sikukijua, wewe wajua. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinilainishie. Barua hii itasomwa uani kwako, wanawake peke yetu, mlango umefungwa.

Unakumbuka tulivyoanza? Mumeo alikufa akakuachia nyumba ya vyumba sita, na mtoto huna. Asubuhi moja tukamkuta mpagazi wa Kinyamwezi amelala barazani kwako, mguu umeoza, wenzake wamemwacha. Nikakuambia, "Mwanaheri, mtu huyu atakufia mlangoni." Ukasema, "Basi tumwingize ndani, asife mlangoni." Nikamshika miguu, ukamshika mabega. Tangu siku ile nyumba haikufungwa tena.

Wewe ukikoroga uji, mimi nikiwagombeza wanaosukumana. Wapagazi walioanza kuugua njiani tangu Vigwaza tukiwaosha vidonda kwa maji ya chumvi. Wanawake wa misafara wakijifungulia chumba cha nyuma. Jeneza la mtaa lilikaa kwako, na yale masufuria mawili makubwa ya shaba. Mwenye harusi akija kuazima, mwenye msiba akija kuazima, humuulizi mtu kabila lake wala bwana wake. Na wale waliojiona wakubwa uliwaambia, "Humu ndani muungwana ni anayeosha bakuli lake." Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinaniuma.

Kisha ukaugua wewe. Akaja Makame, mtoto wa kaka yako, mrithi. Akakushika mkono mbele yetu sote akasema, "Shangazi, nyumba ya watu itabaki ya watu. Wallahi." Nikakuona umefumba macho, umetulia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, shoga. Ulikufa umemwamini.

Arobaini yako ilipokwisha tu, akaja na watu wamebeba pembe za ndovu. Alitaka ghala. Wagonjwa akawatoa nje mmoja mmoja, mitungi ya maji na masufuria akavitupa uchochoroni, jeneza la watu akaliegemeza ukutani kama ngazi. Tabu, mke wa mpagazi mmoja, alikuwa chumba cha nyuma, uchungu umemshika tangu alfajiri. Nikamvuta Makame kanzu: "Mwanangu, ngoja azae kwanza."

"Akazalie kwao."

Kwao ni Unyamwezi, Mwanaheri! Mwendo wa miezi mitatu! Tabu alizaa nyuma ya duka la Mhindi, mimi nimemzibia watu kwa kaniki yangu. Mtoto hakulia. Nilimfunika kwa ushungi wako, ule uliobaki kwangu.

Hapo nikaapa. Sikupiga kelele. Nilirudi uchochoroni nikaokota masufuria, nikaokota mitungi, nikangoja.

Shaaban ilipoingia, Makame akawa anamwoza binti yake Zaituni. Nikapita mlango kwa mlango. Siku ya harusi wageni wamejaa, wengine wametoka Kerege na Mapinga, ng'ombe wawili wamechinjwa, mchele umo vikapuni, na hakuna mwanamke hata mmoja wa kuupeta. Masufuria yako chini ya kitanda changu. Makame akaenda kuazima kwa mke wa Mhindi. Yule mama, ambaye mwanawe tulimuuguza ndui, akamwambia sufuria anazo, lakini si za mtu kama yeye.

Zaituni alikuwa kwangu. Mtoto hana kosa. Nilimsinga mwili kwa liwa, nikampaka hina kwa mkono wangu, nikamwambia, "Tulia, utaolewa leo leo. Baba yako kwanza."

Adhuhuri akaja, joho limemkaa, jambia kiunoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umepotea? Ghala lako liko kule."

"Bibi, wageni wamekaa. Nitaaibika."

"Na Tabu je? Yeye hakuaibika?"

Akainamisha kichwa. "Unataka nini?"

"Ufunguo wa nyumba. Na kila Ijumaa, kabla ya sala, mitungi saba uani kwa shangazi yako ujaze wewe. Wewe, si mtumwa wako."

"Nibebe maji kama mwanamke?"

"Hapana. Mwanamke anayabeba vizuri."

Nikamwapisha mbele ya wageni wake. Pilau ikaiva. Ijumaa iliyofuata alipita sokoni na mtungi kichwani, kanzu imelowa mpaka magotini, nasi tukampigia vigelegele toka kisimani hadi uani. Tausi anacheka hapa, wino unamwagika. Makame ana mabinti wengine wawili hawajaolewa, kwa hiyo hakosi Ijumaa hata moja.

Nyumba iko wazi, Mwanaheri. Uji ni wa Tabu sasa.

Lakini mtungi wa saba nikuambie. Ni mmoja wa ile aliyoitupa yeye siku ile, una ufa chini. Nimeuzika mchangani mpaka tumboni, ufa hauonekani. Nikamwambia, "Siku huu utakapolala na maji mpaka Jumamosi, nimekusamehe." Kila Jumamosi anaukuta mkavu. Anadhani unayanywa wewe! Ameanza kukuletea ubani.

Najua ungeniambia, "Inatosha, uzibe." Kipande cha sandarusi cha kuuzibia ninacho, nimekifunga pindoni. Lakini neno si langu, nimemwachia Tabu. Siku akisema yeye, nitakiyeyusha. Jana nilimuuliza. Alikuwa anakoroga uji, hakuinua hata uso.

"Bado, bibi."

Haya, lala salama, shoga. Kesho Ijumaa, nina mtu wa kumsimamia.

Mimi shoga yako wa damu,
bibi yake Tausi